Namba Sita ya Akabati

Bukoba, 12 Machi 1990

Kwa Mhariri wa jarida la Akabati, Kigali

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama u mkubwa wangu, hujambo kama tu marika. Mimi naitwa Mutsinzi, mkutubi wa maktaba ya mkoa hapa Bukoba, Tanzania. Majuzi padri mmoja aliyekuwa safarini alipumzika mezani pangu, na alipoondoka akaniachia toleo lenu namba tatu. Akasema, "Hili ni la watu wa kazi yako, soma." Nimelisoma, bwana, au tuseme nimelitazama, maana ni Kifaransa kitupu na Kifaransa changu kinaishia kwenye bonjour. Lakini picha ya katalogi nimeielewa vizuri. Droo ni droo hata kwa Kifaransa!

Ombi langu ni hili. Sisi nasi tuna kijarida chetu cha wakutubi, cha Kiswahili, karatasi duni, wino unashika vidole. Tubadilishane kama ilivyo desturi ya maktaba: tuwatumie chetu, mtutumie chenu. Toleo lisipofika nitatuma kadi ya madai, na nawaonya mapema kwamba kwa kudai matoleo sina haya. Rafu yenye pengo hunikosesha usingizi.

Jambo la pili nalisema taratibu. Baba yangu ni mtu wa huko. Alivuka mto Kagera zamani, mimi nikiwa mgongoni mwa mama, na hajarudi tena. Nilipompa toleo lenu alilishika kwa mikono miwili, akalinusa. Akasema, "Kweli limetoka Kigali. Linanuka mvua ya Gatsata." Hawezi kulisoma, ila jioni huliweka pajani akafumba macho. Kwa hiyo mkituma, mjue mnatumia wasomaji wawili.

Wenu katika kazi,
Mutsinzi

*

Kigali, 2 Aprili 1990

Kaka Mutsinzi,

Shikamoo yako nimeirudisha, sijafika huko! Mimi ni Mwanaidi Mukankusi, mhariri msaidizi, mpiga taipu, mfunga bahasha na mlamba stempu wa Akabati. Barua yako ilizunguka ofisini siku nzima mpaka mtu akasema, "Mpeni Mwanaidi, huyo ni wa Biryogo." Sisi Waislamu wa Biryogo nyumbani tunasema Kiswahili. Babu yangu alitoka Ujiji na bidhaa zake kichwani, akamwona bibi yangu, safari ikaishia hapo hapo.

Mwambie mzee pua yake haijazeeka. Jarida hili lilianzishwa na Jean-Berchmans, mkuu wa maktaba ya wizara yetu hapa Kacyiru, naye anakaa Gatsata. Karatasi huzibeba kwapani, anashuka nazo kwa miguu mpaka Nyabugogo kutafuta basi, na mvua ikinyesha inazinyeshea zote. Mwaka jana aliwaita wakutubi wa Kigali. Kila mmoja alikuwa analia peke yake: huyu paa linavuja, huyu mchwa, huyu wakubwa wanaazima vitabu hawarudishi. Jean-Berchmans akasema, "Mbona hatuandikiani?" Chama tulichounda siku ile hakikuwa na ofisi wala kiti. Kilipewa kabati moja bovu kwenye ukumbi, akabati kwa Kinyarwanda, na jina likawa hilo. Ndani tumeweka mashine ya kurudufu, stensili na majani ya chai. Hiyo ndiyo historia yetu yote, usicheke.

Sasa nikuambie jambo zuri. Jean-Berchmans ana ndoto inayomrudia tangu alipoanza kazi hii. Anaota maktaba juu ya kilima cha Gatsata. Milango haina kufuli, ukungu unaingia ndani na kutembea kati ya rafu, na kuna katalogi moja ndefu ambayo droo zake zinakwenda mpaka macho yanashindwa. Ukivuta droo husikii mbao. Unasikia watu wanaongea polepole, kila mmoja anataja jina lake. Anatembea kuitafuta droo ya mwisho, na kila mara anaamka kabla hajaifikia. Nimemsumbua aiandike. Anasema jarida la wakutubi ni la mambo ya gundi na mchwa. Lakini nimemshinda! Ameahidi kuiandika katika namba sita, ya Oktoba.

Tubadilishane, yego, ndiyo yetu ya Kinyarwanda.

Mwanaidi

*

Bukoba, 20 Agosti 1990

Dada Mwanaidi,

Namba tano imefika salama, imelowa kidogo pembeni kama mzee apendavyo. Nimemsomea barua yako neno kwa neno. Ile habari ya droo zinazoongea alinirudisha nyuma mara mbili, mpaka uji ukapoa. Sasa kila nikirudi kutoka kazini haniulizi habari za ofisi. Ananiuliza, "Namba sita?"

Mwambie Jean-Berchmans kuna watu wawili hapa wanaingoja ndoto yake kuliko mshahara.

Mutsinzi

*

Bukoba, 14 Januari 1991

KADI YA MADAI
Jarida: Akabati. Toleo: namba 6.
Maelezo: Hatujalipokea. Tafadhali tumeni.

(Kwa mkono:) Dada Mwanaidi, ndoto imekwama posta? Redio inasema vita, tunawaombea. Lakini namba sita tunaitaka sana! Mutsinzi

*

Kigali, 8 Februari 1991

Bwana Mkutubi,

Namba sita haiko. Tunatuma namba saba. Tafadhali usitume kadi tena.

M. Mukankusi

*

Bukoba, 1 Machi 1991

Ndugu Mukankusi,

Nimepokea namba saba na barua yako ya mistari mitatu. Sikujua nimekuwa "Bwana Mkutubi". Kama nimekukosea ungesema, sisi ni watu wa kuambizana.

Lakini jarida ni jarida. Haliwezi kutoka tano likarukia saba kama mbuzi kwenye ukuta. Namba sita ilitangazwa katika namba tano, ukurasa wa mwisho, kwa maandishi yenu wenyewe. Kama ilichapwa, iko mahali. Kama haikuchapwa, saba iitwe sita. Mimi nitajalidi nini? Nitamwandikia nini msomaji kwenye kadi? Kwa hiyo nimetuma kadi nyingine ya madai, na kwa kuwa wewe hutaki kunijibu, nakala nimempelekea mkurugenzi wa wizara yenu. Kuuliza si ujinga.

Wasalaam,
Mutsinzi

*

Kigali, 9 Juni 1991

Kaka Mutsinzi,

Barua hii inakuja na mjomba wangu anayeuza vitenge. Mpe chakula. Ukishaisoma, ichome.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe umejikwaa ulimi mpaka mezani kwa mkurugenzi! Nimekukasirikia miezi hii yote, nikikupika na kukupakua kichwani. Sasa hasira imeisha, imebaki habari yenyewe.

Oktoba, vita vilipoanza kule kaskazini, askari walipita nyumba kwa nyumba Kigali hapa wakichukua watu, wakisema ni washirika wa adui. Jean-Berchmans walimchukua asubuhi akitoka kwenda kazini, amevaa koti lake la kahawia. Kosa lake lilikuwa neno moja lililoandikwa kwenye kitambulisho chake: Mtutsi. Unalijua neno hilo, ndilo lililomvusha baba yako mto. Siku ile stensili ya kwanza ya namba sita ilikuwa tayari kwenye mashine, ina kichwa cha makala na jina lake, basi. Nikaitoa nikaihifadhi. Januari wenzangu walitaka jarida litoke, nikalitoa, nikaliandika namba saba. Waliniambia nimekosea kuhesabu. Niliwaacha waseme. Sikukosea, Mutsinzi. Sita ni yake, nimemwekea kama unavyomwekea mtu nafasi kwenye benchi kwa kutandaza kanga.

Halafu zikaanza kuja kadi zako. Muhuri wa Bukoba, wino mwekundu, namba sita, namba sita, tunaitaka sana! Barua za kutoka nje zinasomwa, hujui? Mkurugenzi akaniita. "Hiyo namba sita ni kitu gani? Nani huko nje anaingoja hivi?" Nikasema ni jarida. Akasema, "Jarida ambalo halipo?" Wallahi nilimweleza mambo ya kujalidi, nikamweleza mapengo ya rafu, na nilivyokuwa naeleza nikaona mwenyewe kwamba haiaminiki. Nani duniani atakubali kwamba mtu mzima anaiandikia wizara ya nchi nyingine kwa sababu ya namba? Mkutubi tu! Nimehamishiwa stoo ya karatasi za zamani, na kila nikiingia na kutoka mfuko wangu unapekuliwa.

Jean-Berchmans ametoka. Amekonda, na vidole vya mkono wa kulia havishiki kalamu. Sikumuuliza, naye hakusema. Lakini sikia alichonisimulia. Kule ndani walijazana hata pa kukunja goti hapakuwa. Watu walikuwa wakilia. Yeye akafumba macho, akaanza kufungua droo za katalogi yetu moja moja na kuwasomea kadi kwa sauti. Mmoja akamwambia, "Mzee, leo niazime kitabu cha nyuki." Akamjibu, "Kipo, rafu ya dirishani, jalada la kijani lina alama ya kikombe cha chai, usipoteze ukurasa." Wakaanza kuazima kila mmoja chake, na walikuwa wakilala. Alinisimulia akicheka, mimi nikawa nalia.

Nikamuuliza, "Na ile ndoto?" Akasema, "Imeniacha, Mwanaidi. Tangu siku ile sijaiota hata mara moja." Nimemwambia namba sita itamngoja hata iwe miaka. Sitaki kitu kingine katika kazi hii, nataka namba sita itoke na jina lake juu.

Mwanaidi

*

Bukoba, 30 Juni 1991

Dada yangu Mwanaidi,

Nimeichoma. Nimelia na mjomba wako amenishuhudia. Nisamehe. Nilikuwa natazama rafu tu, sikumwona mtu aliye nyuma yake. Maji yakimwagika hayazoleki, ila kadi ya jarida lenu nimeitoa, nikafuta neno "limepotea", nikaandika "namba 6: linangojewa".

Nilimsomea mzee kabla ya kuichoma. Siku ya tatu aliamka akaniita kabla ya chai. "Andika," akasema. "Mwambie yule bwana wa Gatsata kwamba ndoto yake haijapotea. Imekuja kwangu. Nimeuona ukungu, nimeziona droo, zinaongea kama alivyosema. Mbele yangu alikuwa anatembea mtu mwenye koti la kahawia, sikuuona uso wake. Mwambie nimemhifadhia. Akipata nguvu ataichukua."

Nakuandikia kama alivyosema, sikuongeza neno. Mimi mtu wa namba nifanye nini?

Mutsinzi

*

Kigali, 19 Septemba 1993

Kaka Mutsinzi,

Mjomba ameleta salamu zenu miaka hii yote, na mimi nimekaa kimya kwa woga, unisamehe. Leo nina la kuandika. Imerudi!

Jean-Berchmans alikuja kwenye kabati juzi amelowa chapachapa. Akaniambia, "Yule mzee wa Bukoba ni mwazimaji mwaminifu. Amerudisha." Ameota tena, maktaba ile ile, ukungu ule ule. Sasa tuko kazini. Mchana wenzetu wakienda kula, yeye anasema na mimi napiga taipu. Akisema huangalia dirishani, sauti inashuka, na mimi nasahau niko Kacyiru. Siku nyingine tunasimama tu, mashine iko kimya, tunasikiliza mvua.

Safari hii amefika mbali. Amefika kwenye droo ya waandishi, akaivuta, akaikuta kadi yake mwenyewe. Unajua kadi ya mwandishi ilivyo: jina, mwaka wa kuzaliwa, kistari, na nafasi tupu ya mwaka mwingine. 1941, kistari, tupu. Kando yake amesimama mtu ameshika penseli. Jean-Berchmans akamuuliza, "Hapa utaandika lini?" Yule mtu akafungua mdomo, na jogoo wa jirani akawika! Tulicheka mpaka machozi. Anasema jibu lazima atalipata, ndipo makala iishe.

Mkataba wa amani umetiwa sahihi huko Arusha. Wengine wanafurahi, wengine nyuso zimekunjamana, na redio moja hapa inasema maneno ya kutisha. Lakini watu wanasema waliokimbia watarudi. Mlete mzee baada ya Pasaka. Namba sita itakuwa tayari, nataka aipokee mkononi mwa mwenyewe.

Mwanaidi

*

Bukoba, 28 Machi 1994

Dada Mwanaidi,

Tunakuja. Mzee ameshona suti. Mshonaji alimuuliza ni ya harusi ya nani, akajibu, "Nakwenda maktaba." Nawaletea senene waliokaangwa, Jean-Berchmans akiwakataa nitajua si mtu wa kuaminika. Wiki mbili baada ya Pasaka tutakuwa kwenye dirisha lako.

Jibu la mwenye penseli limepatikana?

Mutsinzi

*

Bukoba, 18 Aprili 1994

KADI YA MADAI
Jarida: Akabati. Toleo: namba 6.
Maelezo: Hatujalipokea. Tafadhali tumeni.

*

Bukoba, 20 Mei 1994

KADI YA MADAI
Jarida: Akabati. Toleo: namba 6.
Maelezo: Hatujalipokea. Tafadhali tumeni.

(Kwa mkono:) Mto unaleta watu ziwani. Hapa hakuna anayenunua samaki. Mzee anakwenda ufukweni kila asubuhi na suti yake, anasimama, anarudi. Mwanaidi, weka hata nukta moja kwenye karatasi tupu nijue ni wewe.

*

Bukoba, 11 Julai 1994

KADI YA MADAI
Jarida: Akabati. Toleo: namba 6.
Maelezo: Hatujalipokea.

(Kwa mkono:) Najua posta haiko. Naziandika na kuzitia kwenye droo. Njia ikifunguka nitazituma zote.

*

Kigali, 3 Novemba 1994

Kaka Mutsinzi,

Niko.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu ndilo unaloniuliza. Kadi zako nimezipata zote pamoja kwa dereva wa lori la unga. Nilizipanga mezani nikazisoma, nikazipanga tena.

Biryogo tulifunga milango ya mbele tukafungua ya nyuma. Kwetu watu walijaa darini na nyuma ya magunia, na wengi wao, alhamdulillahi, wametoka wakiwa hai. Siku nyingine nitakusimulia, leo siwezi. Wakati wa hofu kubwa nilifumba macho nikafanya alivyofanya Jean-Berchmans kule ndani. Nilifungua droo. Mama mmoja aliyekuwa darini aliomba nimwazime kile kitabu cha nyuki, nikamwambia rafu gani, na akapata usingizi.

Jean-Berchmans hakufika kwangu. Nilimngoja. Kila mlango wa nyuma ulipogongwa nilijua ni yeye, na hakuwa yeye. Wa Gatsata wanasema siku za kwanza alionekana akishuka kuelekea Nyabugogo na koti lake, karatasi kwapani. Baada ya hapo hakuna. Walioona hawasemi, na wanaosema hawakuona. Nimekwenda kila mahali pa kwenda, nimeangalia kila pa kuangalia. Nimechoka, Mutsinzi. Nalia, halafu nafanya kazi, halafu nalia.

Maktaba imeporwa na kabati limepasuliwa kuni. Kadi za katalogi nilizikuta zimetapakaa uani, mvua imezinyeshea, nyingine wanawake wamefungia karanga. Nimeziokota, nazianika juani kama mihogo. Juzi alikuja mtu wa wizara mpya, mtu mwema, akasema tuanze na kadi za waandishi wetu, tuandike nani amekufa na mwaka gani, tuzifunge. Nikaishika ya Jean-Berchmans. 1941, kistari, tupu. Penseli nilikuwa nayo mkononi. Wewe unaijua kanuni yetu: mwaka wa pili anauandika mwenye uhakika. Mimi sina uhakika. Yule mtu alinitazama, nikairudisha kwenye droo vile vile ilivyo.

Jumatano ya mwisho kabla ya mauaji, ile ya baada ya Pasaka, Jean-Berchmans alikuja mbio. Alikuwa ameota. Mwenye penseli alikuwa amemjibu. Mimi nilikuwa na wageni wa mkurugenzi, chai haijachemka, nikamwambia, "Kesho, mzee, kesho tutaandika." Akacheka. "Kesho basi," akasema, "ndoto haichachi." Stensili zote ninazo, nilizificha na dhahabu za mama. Limebaki jibu tu. Nimejaribu kulitunga mwenyewe nikaona aibu.

Mwaka ule nilikuandikia usitume kadi tena. Leo nakuomba kinyume chake. Tuma. Tuma kila mwezi, dai kwa ukali wako wote, mwandikie hata mkurugenzi, wa sasa hatanifanya kitu. Akiwepo mtu mmoja anayedai namba sita, mimi siifungi kadi ile.

Mwanaidi

*

Bukoba, 1 Desemba 1994

KADI YA MADAI
Jarida: Akabati. Toleo: namba 6.
Maelezo: Hatujalipokea. Tafadhali tumeni.

(Kwa mkono:) Dada Mwanaidi, naandikia juu ya goti. Mzee ameshapanda lori, amekaa juu ya godoro na suti yake, amekataa kushuka hata kunywa chai asije akaachwa. Jana aliota tena. Anasema yule mwenye koti aligeuka, akauona uso wake, ni uso wa mtu mpole. Mzee akamuuliza jibu ni lipi. Akaambiwa, "Njoo ulichukue mwenyewe."

Anuani ya mdai imebadilika. Futa Bukoba. Andika: Kabeza, Kigali. Kadi hii ndiyo ya mwisho ninayoituma kwa mkono wa mtu. Nyingine zote nitakuja kuzileta dirishani kwako.

Mutsinzi